Upindo

Joho waliniletea Jumatatu, limekunjwa ndani ya rambo,
"Fundi, meya mpya anakuja kupimwa alasiri."
Miaka ishirini joho hili halikulala nje ya Halmashauri
ila kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwenye msumari uleule, juu ya cherehani.

Mara ya kwanza alikuja na kitambaa kwenye keria ya baiskeli,
Nuhu Semkiwa, diwani wa juzi, mwalimu wa hesabu wa jana,
mguu wa suruali kaubana kwa kibanio cha kuanikia nguo
usiliwe na mnyororo.
Nikampima. Kifua cha njiwa. Chaki bado kwenye kucha.
"Acha upindo mpana, fundi," akasema,
"atakayenifuata huenda akawa mrefu."
Nikacheka. Nani hukalia kiti leo
akaanza kumkatia nguo wa kumwondoa?

Kisha akataka mfuko. Wa ndani, upande wa moyo.
Hapo sikucheka. Nilishona kimya,
usiku nikamwambia mke wangu: huyu naye kataka mfuko.
Kabla ya adhana ya alfajiri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Sitasema alikuwa malaika.
Mwaka wa mvua kubwa alivunja vibanda vya Mgandini,
cha mdogo wangu Chambuso kikiwamo,
na cherehani yake ya mkono ndani,
ili mtaro upite.
Mtaro ukapita. Masika ya pili maji yalishika njia yao,
watoto hawakulala juu ya meza.
Lakini Chambuso hakumwitikia salamu miaka sita.
Kila Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, mzee alimsalimu,
akangoja kidogo,
akajiitikia mwenyewe.

Vipindi vinne. Mara tatu nilipunguza kiunoni,
sukari ilikuwa inamtafuna, naye akisingizia futari.
Mji huu una msemo wake: waja leo, waondoka leo.
Yeye alikuja, akasahau kuondoka,
hata alipokumbushwa na madaktari wa Bombo.

Siku ya maziko baiskeli zilisukumwa kwa mikono,
kutoka Chumbageni mpaka makaburini,
hakuna aliyepanda, hakuna aliyepiga kengele.
Mbele kulia, begani mwake jeneza, nilimwona Chambuso.
Watu walimgusa wampokee.
Hakutoa zamu.

Basi Jumatatu nikatia mkono mfukoni kutafuta pini.
Kipande cha penseli, kifupi kama kidole cha mtoto.
Na karatasi ya miraba, ya daftari la hesabu:

Taa, Barabara ya Tisa, mbele kwa mkunga. Imepigwa mstari.
Choo cha wasichana, shule ya Makorora. Mstari, halafu mstari tena,
kama mtu aliyerudi kuhakikisha.
Mfuniko wa mtaro, Mabawa. Haijapigwa.
Chambuso, cherehani. Imepigwa.

Nikakaa.
Ile cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu,
iliyoshushwa mlangoni kwake usiku na mtu wa mkokoteni,
tukaambiwa kaileta mjomba wa Pangani.
Sisi hatuna mjomba Pangani.

Na chini kabisa, mwandiko umeanza kutetemeka:
Fundi, elfu tatu za kiunoni.
Haijapigwa.

Alasiri akaja mpya. Mrefu, kama alivyotabiriwa.
Nikafumua upindo, kitambaa kikashuka vidole vinne,
chekundu cha siku ya kwanza, jua halikuwahi kukiona;
pale kilipokutana na kile kilichopauka
pana mstari, hata pasi haiufuti.
"Na huu mfuko wa nini?" akauliza, akijitazama kiooni.
"Utaujua," nikamwambia.

Karatasi nimeirudisha ilipokuwa, na penseli yake.
Elfu tatu zangu nimeziacha humohumo,
chini ya mfuniko wa Mabawa.